Baba amerudi na mfuko tumboni, kaka katolewa vinyama: tumuuguzeje nyumbani?

SWALI: Shikamoo sista. Naandika kutoka Tanga. Baba yangu, miaka 58, alifanyiwa upasuaji wa saratani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, Dar es Salaam baada ya kumaliza mionzi. Wametoa puru yote, njia ya haja kubwa imeshonwa, na sasa choo kinatokea tumboni upande wa kushoto kwenye mfuko. Hii ni wiki yake ya tatu nyumbani. Mfuko unavuja, ngozi imechubuka mpaka inatoa majimaji. Kumsafisha kote ni mimi, maana mama ana presha na miguu inamsumbua. Hali chakula, hatoki chumbani, msikitini haendi. Hivi karibuni anatakiwa arudi kuanza tibakemikali: vidonge na dripu. Halafu kaka yangu wa miaka 36 alikuwa anaona damu chooni, akapimwa kwa kamera, wakamkuta na vinyama viwili utumboni, wakavikata. Yeye anasema kapona, harudi tena. Shangazi yetu, dada yake baba, alifariki kwa saratani ya mji wa mimba kabla hajafika miaka hamsini. Ugonjwa huu unaambukiza? Unarithiwa? Na baba nimfanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Hilo la kuambukiza tulimalize sasa hivi: hauambukizi. Kuleni naye sinia moja, wajukuu wapande kitandani kwake. Glavu unavaa kwa sababu choo ni choo, kina vijidudu vyake vya kawaida. Ukishaosha mikono kwa sabuni yamekwisha.

Sasa nianze na lile ulilolitaja kwa maneno mawili tu ukapita: hali chakula. Wanaume wengi wazima waliowekewa mfuko, nikikaa nao peke yetu, hunieleza hesabu wanayoipiga kimya kimya. Nisipokula, mfuko haujai. Mfuko usipojaa, binti yangu hanifunui. Kwa hiyo anakunywa chai ya rangi, anaonja vijiko viwili vya uji, anasema chakula kina uchungu. Wewe unadhani ni saratani inamla, kumbe ni aibu. Sisemi hakuna sababu nyingine. Maumivu huondoa hamu ya kula, na dawa kali za maumivu hufunga choo na kuleta kichefuchefu, kwa hiyo hayo nayo muulize. Lakini baba wa makamo, tena wa pwani, anayesafishwa na bintiye choo na sehemu za siri kila siku, hili lipo. Na kila siku asiyokula, kidonda kinachelewa, misuli inakwisha, na akifika hospitali akiwa dhaifu, madaktari wanaweza kulazimika kuahirisha tibakemikali.

Kwa hiyo lengo lako lisiwe kumsafisha vizuri zaidi. Lengo ni huo mfuko uhamie mikononi mwake mwenyewe. Akiweza kuumwaga bila wewe kuwapo, utashangaa jinsi sahani inavyorudi tupu. Ila hawezi kuumiliki mfuko unaovuja, basi tuanze na kuvuja.

Stoma, yaani hiyo sehemu ya utumbo iliyotokeza tumboni, huwa imevimba siku za mwanzo, kisha inaendelea kunywea kwa wiki sita mpaka nane. Tundu mlilokatiwa kwenye mfuko hospitalini lilikuwa la stoma ile ya wiki ya kwanza. Leo stoma imekuwa ndogo, tundu limebaki kubwa, na kati yake kuna pete ya ngozi tupu inayokaliwa na choo mchana na usiku. Ngozi ikilowa, gundi haishiki. Gundi isiposhika, panavuja zaidi. Mtatoka kwenye mzunguko huo kwa kupima upya.

Badilisheni mfuko asubuhi kabla hajanywa chai, utumbo ukiwa umetulia. Tandika kwenye sinia maji ya uvuguvugu, vitambaa laini vya pamba au gozi za hospitali, mkasi, kalamu, mfuko mpya, na mfuko wa plastiki wa taka. Mwageni kwanza kilichomo. Bandua kuanzia juu kwenda chini polepole, mkono mmoja ukiisukuma ngozi chini huku mwingine umeshika gundi. Ukiing'oa kwa nguvu unaondoka na ngozi. Kabla hujaitupa, geuza gundi uitazame kwa nyuma. Utaona alama choo kilipopita, na upande huo ndio unaovuja. Mara nyingi hapo mwilini pana kibonde au mkunjo ambao mtu akilala hauonekani, unajitokeza akikaa. Basi mwambie akae, kisha asimame, uangalie.

Osha kwa maji matupu. Usitumie spiriti, dettol, sabuni yenye manukato, wala mafuta ya mgando. Stoma yenyewe inatakiwa iwe nyekundu na yenye unyevu kama ndani ya shavu. Ukiigusa haimuumi kwa sababu haina mishipa ya kuhisi maumivu, na ikitoa vitone vya damu ukiifuta usishtuke. Ngozi inayoizunguka ikaushwe kwa kuigusagusa, isisuguliwe. Penye mchubuko nyunyizia poda ya stoma kidogo sana, pangusa inayozidi, ndipo ubandike. Poda ya mtoto haifanyi kazi hiyo. Krimu ya zinki pia usipake chini ya gundi, maana itateleza na mtarudi kulekule.

Kupima: weka kipande cha plastiki angavu juu ya stoma, chora mzingo wake kwa kalamu, kata, kisha hamishia mchoro huo kwenye gundi ya mfuko. Ukikata, tundu lizidi stoma kwa milimita mbili au tatu tu. Rudia kipimo kila wiki mpaka miezi miwili ipite. Kabla ya kubandika, baba aibane gundi kwapani dakika moja ipate joto. Ikishabandikwa, aikandamize kuanzia kwenye stoma kwenda nje, kisha aweke kiganja juu yake dakika moja au mbili. Mfuko uliobandikwa vizuri unakaa takribani siku tatu. Akisikia muwasho au kuungua chini ya gundi, choo kimeshapenya, ubadilishwe saa hiyohiyo hata kama kwa nje pakavu. Na tafadhali msizibe pavujapo kwa plasta. Nimefungua plasta za namna hiyo nikakuta kidonda kibichi chini yake.

Mfuko umwagwe ukifika theluthi moja. Ukiachwa ukajaa, uzito wake unavuta gundi. Gesi itolewe kwa kufungua mdomo wa mfuko, usitobolewe na sindano. Kuhusu harufu: mfuko mzima usiovuja haunuki kwa nje. Mkisikia harufu, tafuteni panapovuja, au ni mdomo wa mfuko haukupanguswa ndani na nje baada ya kumwaga. Na zikitokea siku mifuko imekwisha na hela hakuna, tumia kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa na plastiki juu yake, kibadilishwe kila choo kinapotoka. Hapo ndipo unapopaka krimu ya zinki au mafuta ya mgando kwa unene, kwa kuwa hakuna gundi ya kushika.

Sasa kumfundisha. Siku ya kwanza usimwombe chochote zaidi ya kuitazama stoma yake, akitaka kwa kioo. Wapo wanaokaa wiki nyingi hawajawahi kuiangalia. Baada ya hapo ashike vitambaa, kisha abane gundi kwapani, kisha amwage mwenyewe. Kwa kuwa kuchuchumaa kwa sasa hawezi, mpe kopo lenye mfuniko na mlango wa bafu ufungwe. Akunje mdomo wa mfuko kwa nje kabla ya kumwaga, amwage, apanguse, aukunjue, afunge. Wewe kaa mbali. Akichafua, afue mwenyewe kama ana nguvu. Kukimbilia kumsaidia kutamrudisha kitandani.

Kidonda cha kule nyuma ni jambo jingine, hicho hakioni wala hakifikii, lazima asaidiwe. Lakini asisaidiwe na wewe kama yupo mwingine. Kaka yako ana miaka 36 na mikono miwili. Mwite, mfundishe, akabidhiwe kazi hiyo. Kama hawezi kuja kila siku, muulizeni muuguzi wa kiume wa zahanati ya jirani. Eneo lililopigwa mionzi hupona taratibu, inaweza kuwa miezi, na majimaji kidogo ya rangi ya njano hafifu au yenye wekundu hayatishi. Alalie ubavu, asikae muda mrefu mfululizo, na akikaa iwe juu ya mto laini ulio bapa. Ule mpira wa duara wenye tundu katikati watu wengi humnunulia mgonjwa kwa huruma, lakini unavuta matako huku na huku na kidonda kinaachia.

Mwambieni pia, kabla hajaogopa, kwamba ataendelea kusikia haja kubwa kama zamani. Puru haipo lakini mishipa ya fahamu bado inaleta habari. Asiende kujikamua, atulie, itapita. Na kuna jambo ambalo wewe kama binti hutamuuliza: mishipa inayohusika na nguvu za kiume inapita karibu sana na puru, na mionzi pamoja na upasuaji huweza kuidhuru. Wanaume hulinyamazia, ndoa ikanyamaza pamoja nao. Kaka au mama alifikishe kwa daktari, kwani kuna msaada.

Chakula kiwe kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, na kitangulize samaki, mayai, kuku, maharage yaliyochujwa maganda, maziwa mgando kama yanamkubali. Bada na samaki ale, wali wa nazi ale. Kwa kuwa stoma yake iko kushoto na sehemu kubwa ya utumbo mpana imebaki, choo kitarudi kuwa kigumu, na hana orodha ndefu ya miiko. Kabichi, kunde, vitunguu vingi na soda huongeza gesi. Aonje kimoja kimoja ajue kinachomsumbua, asikatazwe vyote kwa mkupuo. Matunda na mboga za majani arudie polepole, na anywe maji ya kutosha. Ndoo ya maji asiinue, jembe asishike, kwa miezi mitatu angalau, kwa sababu misuli inayoizunguka stoma ikiachia, utumbo hupenya chini ya ngozi ikawa ngiri. Akitaka kukohoa, aweke kiganja juu ya stoma.

Msikiti. Hili naliona halitajwi katika mafundisho mengi ya hospitali, na kwa mzee wa Tanga lina uzito kuliko nusu ya niliyoyaandika hapo juu. Wagonjwa wangu waliowauliza masheikh wao wamejibiwa kuwa mtu huyu ni mwenye udhuru: wakati wa sala ukiingia anamwaga mfuko, anatawadha, anasali, na kikitoka chochote akiwa katika sala, sala yake haivunjiki. Lakini asiyasikie kwako wala kwangu. Mwombe imamu wenu aje nyumbani amwambie kwa kinywa chake. Nimeona mzee aliyeanza kula jioni ileile sheikh wake alipotoka. Kusujudu asubiri mpaka daktari aruhusu kuinama.

Mpelekeni hospitali ya Bombo bila kungoja kliniki mkiona haya: stoma imegeuka zambarau au nyeusi, siku nzima haijatoa choo wala gesi huku tumbo limejaa na anatapika, damu inatoka kwa wingi ndani ya mfuko, kidonda cha nyuma kinatoa usaha wenye harufu au kimefunguka, mguu mmoja umevimba na kuuma kwenye shavu la mguu.

Tibakemikali ikianza, mambo yanabadilika kidogo, na hapa nakuomba usome mara mbili. Nyumbani kwetu homa maana yake malaria. Mtu anakunywa panadol, anapimwa kesho yake, hapo ndipo hospitali inafikiriwa. Kwa mtu aliye kwenye tibakemikali, joto likifika nyuzi 38 ni dharura ya usiku huohuo, kwa sababu dawa huzishusha seli nyeupe za damu na maambukizi madogo yanaweza kumuua kwa muda mfupi. Nunueni kipimajoto. Mkifika mapokezi, neno la kwanza liwe “yuko kwenye tibakemikali,” kabla ya jina.

Kwa saratani hii vidonge mara nyingi ni kapesitabini, na dripu ni oksaliplatini. Muulize daktari kama ndizo. Kapesitabini humezwa ndani ya nusu saa baada ya kula, asubuhi na jioni. Viganja na nyayo vikianza kuwaka, kuwa vyekundu na kuchubuka, hospitali ipigiwe simu kabla ya dozi inayofuata. Vivyo hivyo choo cha majimaji kikiongezeka kwa mara nne kwa siku juu ya idadi yake ya kawaida, na hapo mpeni maji ya ORS mkiwa njiani. Jingine ambalo wachache huambiwa: vidonge vya kuongeza damu vinavyouzwa madukani huwa na foliki asidi, na foliki asidi huongeza sumu ya kapesitabini. Asipewe bila daktari kujua. Mitishamba ya ndugu nayo iwekwe kando mpaka dawa ziishe, maana ini lake litakuwa na kazi ya kutosha. Oksaliplatini kwa upande wake haipatani na baridi. Siku kadhaa baada ya dripu asiguse friji, asinywe dafu la baridi wala maji ya barafu. Vidole vitamchoma na koo litakaza kama anayekosa pumzi.

Nije kwa kaka. Vinyama vya utumbo huota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo mpana. Vingi havigeuki kuwa saratani kamwe, lakini saratani nyingi za utumbo mpana huanzia kwenye kinyama, na safari hiyo kwa kawaida huchukua miaka kumi au zaidi. Kukikata ni kuikatiza safari. Kaka yako amepata bahati ambayo baba yake hakuipata, na ndiyo maana sikubali aseme yamekwisha. Vile vinyama vilipelekwa maabara. Je, amechukua majibu? Karatasi ile ndiyo inayosema ni vya aina gani, vina ukubwa gani, seli zake zimeharibika kiasi gani, na kingo zilikuwa safi au la. Tarehe ya kamera inayofuata inatokana na majibu hayo: vinyama vidogo viwili visivyo na shida kwa mtu asiye na historia ya ukoo huweza kungoja miaka saba hadi kumi; kikifika sentimita moja au seli zikiwa zimeharibika sana ni miaka mitatu. Kwake yeye, mwenye baba mgonjwa, daktari ataamua upya. Kama amekatwa ndani ya wiki mbili zilizopita, akiona damu nyingi, au maumivu makali ya tumbo pamoja na homa, arudi siku hiyohiyo.

Atakwambia huu ni ugonjwa wa wazungu. Yuko daktari wa upasuaji aliyefanya kazi miaka mingi Uganda, Denis Burkitt, ambaye mwaka 1971 aliandika kuwa saratani ya utumbo ilikuwa adimu kwa Waafrika, akahusisha na vyakula vyetu vyenye makapi mengi. Tangu wakati huo ugali wa dona umekuwa sembe, chipsi ziko kila kona, soseji zinaliwa na watoto. Na mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliziweka nyama za viwandani kwenye kundi la vinavyosababisha saratani. Kwenye wodi zetu leo tunauguza wagonjwa wa utumbo mpana ambao hawajafika miaka hamsini.

Kuhusu kurithi: kwa kawaida mtoto wa mgonjwa huanza kupimwa kwa kamera akiwa na miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri ambao mgonjwa mdogo kuliko wote katika familia aligundulika, ipi inayotangulia. Lakini umeniandikia habari za shangazi, na hizo zinabadilisha mazungumzo. Ipo hitilafu ya kurithi iitwayo Lynch, ambayo katika ukoo mmoja huleta saratani ya utumbo mpana kwa huyu na ya mji wa mimba kwa yule, mara nyingi mapema. Sijasema mnayo. Nasema dalili za kuiulizia zipo: baba, shangazi aliyefariki mapema, kaka mwenye vinyama akiwa na miaka 36. Uvimbe wa baba uliotolewa kwa kawaida huhifadhiwa maabara na unaweza kupimwa kwa ajili hiyo bila kumchoma sindano hata moja. Ikithibitika, kila mtoto wake ana nusu kwa nusu ya kuirithi, na wenye nayo huanza kamera wakiwa na miaka 20 hadi 25, wakirudia kila mwaka mmoja au miwili. Wanawake nao hutazamwa mji wa mimba, kwa hiyo wewe ukitokwa na damu nje ya siku zako usikae nayo nyumbani.

Madaktari wa baba huenda hawajui habari za shangazi, kwa kuwa wao huuliza “je, kuna saratani ya utumbo kwenu?” na nyinyi mnajibu hapana. Kaeni na mama na wazee wa upande wa baba, mwandike kwenye karatasi moja kila aliyewahi kuugua saratani yoyote, ilikuwa wapi mwilini, na alikuwa na umri gani. Baba akirudi Dar kwa tibakemikali, karatasi hiyo iende naye, na kaka aende naye pia akachukue majibu yake.